Mashimo Machache, Mtu Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Leo mwamba umekubali! Siku zote sisi wachorongaji tunatoboa mashimo mengi kwenye uso wa handaki, tunajaza baruti, tunalipua, na bado kipande kigumu kinabaki kimetukodolea macho. Nikapunguza mashimo. Katikati nikaacha machache makubwa, matupu, ili mwamba upate pa kuangukia. Umetoka wote, na paa limebaki zima. Wachorongaji wengine walinicheka. Shemeji ndiye aliyekubali timu yake ijaribu. Kwake nalala, kwake nakula tangu niajiriwe. Jioni kamwambia dada: mdogo wako ana kichwa. Nilivimba.

Alhamisi, 6 Machi
Meneja kaniita. Chai, biskuti, sifa. Halafu — kama mashimo yamepungua, wachorongaji wote hawa wa nini? Timu ile iliyojaribu ipungue mtu mmoja. Nimtajie mimi, maana nawajua. Akatania kwamba pale nina mtu wangu, asije akasikia mambo ya upendeleo.

Nikamtaja shemeji. Hapo hapo! Hakuna aliyenilazimisha. Anachoronga vizuri kuliko wote, najua. Nilitaka tu nionekane mtu wa haki. Meneja akanipiga bega: huo ndio uongozi. Nami nikatabasamu. Mdomo ungeweza kufunguka wakati ule ule, niseme nimekosea. Nikamalizia biskuti.

Ijumaa, 7 Machi
Sikula. Nimesingizia tumbo. Dada kanipikia uji. Shukrani ya punda mateke — na punda ni mimi.

Jumapili, 9 Machi
Fununu zimefika mtaani. Shemeji kaingia chumbani kwangu, kakaa kwenye ukingo wa kitanda. Eti kweli kuna mtu anapunguzwa? Nikasema sijasikia. Mwongo mkubwa mimi. Akaguna, akasema basi nikiulizwa nimtetee mwenzake wa mashine ya pili; mkewe kajifungua juzi, wataishije? Nikamuuliza: na wewe je?

Akacheka. Yeye hana wasiwasi, ana mimi.

Katoka sasa hivi. Barua ya kupunguzwa kazi anapewa kesho asubuhi. Niende nikamwambie kabla hajaipokea? Mbele ya dada? Mbele ya watoto? Nimesimama, nimekaa tena. Dada ananiita mezani, mara ya pili hii. Namsikia shemeji akimzuia: mwache kwanza, anapiga hesabu za kazi yetu ya kesho.