Felicitas Amekataa Machela

Bi. Mwamvita mshauri wetu, nisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ndiye Apolinary wa Nshamba, na bila mimi kijiji chetu cha ujamaa kisingejua hata samaki ana mkia, maana Bwana Samaki mwenyewe, yule mtaalamu wa mabwawa, hafungulii maji mpaka aniulize, na perege wananijua kwa sauti. Basi niliwasimulia watoto wa darasa la tatu habari za kituo cha kuzalisha samaki, kwamba mabwawa ni manane, kwamba vifaranga ni wembamba kama kope na ukiwatupia pumba maji yanachemka, kwamba perege mama akiona hatari anawaficha wanawe mdomoni, na hili ni kweli tupu, watoto wakashangilia mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini, lori la ushirika la kuwapeleka kituoni Jumamosi likapatikana, na mimi mwenyewe kwa furaha sahani ya ndizi simalizi.

Sasa mpwa wangu Felicitas, mtoto wa dada yangu Klaudia, naye wa darasa hilohilo, alipooza miguu akiwa mdogo, anatembelea kiti cha magurudumu alichopewa na masista, na kutoka lori linaposimama mpaka mabwawani ni mteremko wa tope. Kwa akili zangu nyingi nikatafuta wanaume wanne na ile machela ya kupelekea wagonjwa zahanati, nikangoja shukrani. Akaniambia, "Mjomba, machela ni ya wagonjwa na maiti. Mimi naenda kutazama samaki." Sasa amesema haendi, wenzake wamesema bila yeye nao hawaendi, na dada yangu hataki hata salamu yangu. Nimlazimishe, au nivunje safari?

Na hili nakuambia wewe tu. Kituoni nimefika mara moja, Bwana Samaki akaniwekea kifaranga kiganjani, hakizidi kidole cha mwisho, nikapiga yowe, nikakitupa, nikakaa topeni.

JIBU

Ndugu Apolinary, umewatia watoto hamu ya kujifunza, hongera. Lakini mtoto ana kinywa na akili, wewe ukampangia safari kama gunia la kahawa. Ungekubali kupita mbele ya wenzako juu ya machela, mzima hivyo?

Usivunje safari. Leo hii kamwombe radhi, umwulize anapenda kiti chake kisukumwe na nani. Ijumaa wale wanaume wanne watandike fito na nyasi mteremko mzima, nyasi nyingi, kama mnavyotandika nyumbani akija mgeni. Kiti kishuke kinyumenyume, wawili wakikishika. Upime kingo za bwawa kwa kamba. Zikiwa nyembamba kuliko upana wa kiti, Bwana Samaki alete vifaranga kwenye beseni, na darasa zima litazame beseni hilohilo, siyo Felicitas peke yake pembeni.

Habari ya yowe lako, mwambie yeye kabla lori halijaondoka. Mkifika, Felicitas amshike samaki kwanza. Wewe chuchumaa kando ya kiti chake, akufundishe.