Vijiwe Vyekundu vya Mtungini

Forest, Brussels
19 Machi 1997

Kwa dada yangu Warda,

Assalamu alaykum. Kifua cha bibi kinaendeleaje na mvua hizi? Fundi amemaliza gauni lako la harusi? Huku sote tuko wazima, ila baba anakohoa, na kikohozi hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Unajua baba anasafisha maofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord. Huko kompyuta za zamani hutupwa, na yeye, fundi redio wa mtaa wetu wa Buyenzi, hawezi kuvumilia kuona chombo chenye waya kikitupwa. Alisikia kwamba vibao vya ndani vimepakwa dhahabu, basi akaanza kuviloweka kwenye mtungi wa asidi, huku chini ya nyumba, na mvuke wake ndio unaomkohoza. Asidi huyeyusha dhahabu ikawa maji ya rangi. Ukitia dawa nyingine, dhahabu huanguka chini kama tope la kahawia. Hilo ni kweli, nimelisoma shuleni.

Alikuwa amejisifu msikitini, donc, basi, Jumapili Bwana Abdallah alikuja na wenzake kutazama. Akauliza kama mchuzi umeiva au bado unataka chumvi. Wote walicheka, isipokuwa baba. Lakini tope likaanguka, tena jingi! Baba akaliyeyusha kwa moto mbele yao, kikatoka kipande cha dhahabu kama punje ya haragwe. Bwana Abdallah aliomba akishike. Baba alilia, dada. Akasema hiyo ni zawadi yako ya harusi, na kwamba sasa ataacha kazi ya kusafisha.

Nilifurahi, lakini mwalimu wetu wa kemia alishatuambia kwamba vibao kama vile hutoa dhahabu kidogo mno, hata ukucha haijazi. Jana nilikuwa naosha mtungi, nikakuta chini vijiwe vitatu vyekundu. Asidi haikuvila. Nilivitambua palepale: ni vya bangili ya mama, ile aliyokuahidi wewe. Nilidhani baba ameiiba.

Nilimkimbilia mama. Akaniambia ni yeye mwenyewe aliyeitumbukiza, Ijumaa, baba alipokwenda kuswali. Kabla ya hapo baba alikuwa amejaribu kikombe kimoja cha maji ya mtungi, hakikutoa kitu, akaacha kula. Mama alisema hakuweza kuvumilia kumwona akichekwa katika nchi ya watu. Akaniapisha nisimwambie baba.

Nimeapa, lakini wewe hukuapa. Leo baba ameloweka vibao vingine kwenye mtungi wa pili. Mama alibakiwa na bangili moja, na mchana huu mkono wake ni mtupu. Nilipoutazama, alishusha mkono wa gauni.

Tafadhali mwandikie baba upesi. Mwambie dhahabu hiyo moja inakutosha, asitafute nyingine, wala asiache kazi. Wewe atakusikia. Vijiwe nimevifunga ndani ya barua hii, dhahabu ikikufikia, sonara atajua pa kuvirudisha.

Nisalimie bibi, na shemeji pia, ingawa bado namwonea haya. Na baba akikuuliza kama umeipenda zawadi yake, mwambie ni nzuri kuliko bangili ya mama.

Mdogo wako akupendaye,
Tasnim