Majibu Yaliyobaki Kaunta

DAWATI LA AJALI ZA BARABARANI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limeandikwa kwenye jalada. Kazini naitwa Mama Kadi.
Umri: Miaka 41
Kazi: Mpokeaji wateja, gereji ya magari
Makazi: Nyumba za kupanga nyuma ya soko la mbao, chumba namba 6
Yameandikwa: Tarehe 21 Machi, kuanzia saa nane na robo mchana

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Afisa amenieleza kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, na nimeelewa.

Nimefanya kazi katika gereji hiyo kwa miaka tisa. Napokea simu, naandika kadi ya kila gari linaloingia, natunza funguo na kupokea malipo. Kadi inaonyesha mteja amelalamikia nini na fundi amekuta nini. Mafundi walinipa jina la Mama Kadi kwa sababu gari lisilo na kadi siruhusu liguswe hata tairi.

Mnamo tarehe 13 Machi, saa kumi jioni, alinipigia mama mmoja. Alisema yeye ni fundi cherehani, anashona sare za shule karibu na tanki la maji, na kwamba pedali ya breki ya gari lake inazama. Alisema, "Ni kama nakanyaga uji." Nikamjibu, "Lete tu mama, tutaangalia." Akauliza, "Mtaangalia tu?" Nikasema, "Ndiyo, tutaangalia tu kwanza." Sikutaja gharama. Ukutani kwetu kuna kibao kinachosema vipimo vinalipiwa, lakini mtu aliye kwenye simu hakioni.

Kesho yake, tarehe 14, alifika saa mbili na nusu asubuhi. Gari lilikuwa dogo, la kijivu, la zamani, na kiti cha nyuma kilijaa sweta za bluu zilizofungwa mafungu mafungu. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi. Futi ya kupimia nguo ilikuwa bado shingoni, akasema ametoka mbio akaisahau. Nilipomuuliza umri wa gari akasema, "Lina umri sawa na ndoa yangu, na vyote viwili asubuhi mpaka visukumwe." Nilicheka. Nikaandika kadi. Chini ya kadi kuna maandishi madogo yanayosema mteja amekubali kulipia vipimo. Alikuwa hana miwani. Nilimwonyesha kwa kidole pa kusaini, akasaini. Sikumsomea.

Gari alipewa fundi tunayemwita Daktari, kwa sababu huweka chuma sikioni na kusikiliza injini. Aliliinua kwenye jeki, akafungua tairi zote nne, akajaza mafuta ya breki ili aone yanatokea wapi. Saa tatu na dakika arobaini aliniletea kadi. Alikuwa ameandika: "Bomba la breki la nyuma limeoza, linavuja. La mbele limeanza kuoza. Gari lisiendeshwe." Akaniambia kwa mdomo, "Mwambie asiondoke nalo." Nikasema, "Nitamwambia." Akarudi uwanja wa nyuma, ambako kulikuwa na lori likimsubiri.

Yule mama alikuwa amekaa kwenye benchi pamoja na wateja wengine wawili. Nilimwita kaunta. Nilianza na malipo, maana ndio utaratibu wetu: mteja analipia vipimo, anapewa risiti, ndipo anasomewa majibu. Nikamwambia vipimo ni elfu ishirini.

Aliniangalia kama hajasikia. Akasema, "Vipimo gani? Jana umeniambia mtaangalia tu."

"Ndiyo mama, na wameangalia. Kuangalia ndiko kupima."

"Mwanangu, mimi nina miaka thelathini kwenye cherehani. Napima watu kutwa nzima, kiuno, mabega, mikono. Sijawahi kumtoza mtu kwa kumpima. Ninamtoza nikishashona."

Mteja mmoja kwenye benchi akacheka. Nikamwambia fundi ametumia zaidi ya saa nzima na ametumia mafuta yetu. Akasema hakumtuma. Nikamwonyesha sahihi yake. Hapo sauti yake ikapanda. Alisema nimemsainisha kitu asichokiona, na kwamba mimi ni mwizi, ila kalamu ndiyo panga langu. Aliyasema hayo mbele ya watu.

Nilikwenda kwa Bosi ofisini. Nilimwambia mteja anakataa kulipa. Bosi hakuinua kichwa. Alisema, "Asilipe, aende. Lakini usimwambie kitu. Mwezi uliopita watatu wamechukua majibu yetu wakaenda kutengenezewa kwingine." Kadi ilikuwa mkononi mwangu. Bosi hakuiomba na mimi sikumpa. Sikumwambia kwamba ni breki. Ningemwambia, naamini angetoka mwenyewe akazuia lile gari. Bosi ni mtu mgumu lakini hana roho hiyo. Naomba hili liandikwe kama nilivyolisema.

Nilirudi kaunta. Kati ya mlango wa ofisi na kaunta ni hatua kama kumi. Katika hatua hizo nilikuwa naijua kadi ile neno kwa neno. Nilikasirika. Neno mwizi lilikuwa bado linanichoma. Nilitoa ufunguo kwenye ubao nikauweka mbele yake bila kuongea. Akauliza, "Sasa gari lina nini?" Nikajibu, "Majibu ni baada ya malipo." Akasema, "Basi kaa nayo."

Nilimtazama kupitia dirishani. Alikaa kwenye usukani, akakanyaga breki mara mbili tatu. Kwa kuwa Daktari alikuwa amejaza mafuta, pedali ilikuwa imesimama. Alishusha kioo akaniambia, akicheka, na hasira ilikuwa imeshaanza kumtoka, "Mbona imepona! Mnataka kunilipisha ugonjwa uliokwisha?" Akaondoka. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika kumi. Niliandika kwenye kadi, kama ninavyoandika siku zote: "Ametoka 4:10."

Nilimhudumia mteja aliyefuata. Nilimwandikia kadi yake nikakosea namba ya gari mara mbili. Daktari akaingia kunawa mikono, akauliza, "Lile la kijivu liko wapi?" Nikasema limeondoka. Akauliza, "Ulimwambia?" Nikachukua simu ya gereji nikampigia yule mama. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na sita, iko kwenye kumbukumbu ya simu. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Safari hii iliita mara nne hivi, ikapokelewa, nikasikia mlio wa injini na upepo, akasema, "Kama ni hela yenu..." Nikasema, "Mama." Simu ikakatika.

Sijui kama alikata yeye. Sijui kama aliachia usukani ili apokee. Nimewauliza mafundi wote, na wote wananiambia ni breki, lazima ni breki. Lakini hakuna aliyekuwepo kule ajali ilipotokea. Tangu siku hiyo simu ya kaunta ikiita napokea, na kabla mtu hajasema chochote namsikia yeye. Pale gari lilipoinuliwa pana doa la mafuta sakafuni. Daktari ameshalimwagia maranda mara mbili akafagia. Linarudi. Mafundi wanalizunguka wakipita, hakuna anayelikanyaga, na hakuna aliyekubaliana na mwenzake kufanya hivyo.

Habari za ajali tulizipata mchana, kwa dereva mmoja wa lori aliyepita pale ilipotokea. Alisema gari dogo la kijivu limeshindwa kusimama kwenye mteremko wa kuelekea darajani, limepiga ukingo, na barabara yote imetapakaa sweta za watoto. Dereva wa gari hilo, mwanamke, alikuwa ameshafariki. Bosi alifunga ofisi. Jioni alituambia tusizungumze na mtu yeyote, kwa kuwa mteja alikataa huduma mwenyewe na sahihi yake tunayo.

Mnamo tarehe 20 Machi, saa tatu asubuhi, alikuja mzee mmoja mrefu, amevaa suti iliyoshonwa vizuri sana. Alisema yeye ndiye mume wa yule mama. Alinisalimia vizuri. Akasema, "Mke wangu alinipigia akiwa bado yupo uwanjani kwenu, akanieleza ugomvi wenu. Nilimwambia alipe tu, akakataa. Nimekuja kulilipa hilo deni, asiondoke na neno la mtu." Akaweka elfu ishirini kaunta. Nilimwambia si lazima, baba. Akasema, "Andika risiti."

Niliandika. Aliisoma, akaikunja. Kisha akasema, "Nimeshalipa. Sasa nipe majibu yake."

Nilitoa kadi. Nilitaka kumpa aisome mwenyewe, akasema macho yake hayaoni karibu, nimsomee. Nilimsomea. Nilipofika kwenye "gari lisiendeshwe" niliinua macho, akasubiri, nikamalizia.

Akauliza, "Mliyajua haya saa ngapi?"

Nikasema, "Saa tatu na dakika arobaini."

"Na yeye aliondoka saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi."

Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige. Akasema, "Nusu saa." Akashukuru, akatoka, akaurudishia mlango taratibu.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na ninayasema kwa hiari yangu. Bosi hajui kwamba niko hapa. Aliyeambiwa amwambie mteja ni mimi, si mtu mwingine.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo haya nimeyaandika mimi kwa mkono wangu, nimemsomea shahidi, naye amekiri kwamba ni sahihi. Ameombwa aketi apumzike, amekataa. Amekabidhi kadi halisi ya kazi, nakala ya risiti ya tarehe 20 Machi, na elfu ishirini taslimu ambazo anasema hakuweza kuziingiza kwenye droo. Nimezipokea kama vielelezo.

Afisa wa zamu, saa kumi kasoro dakika tano jioni. (Sahihi)