Umemkata Selam Nywele

Udine, 14 Julai

Dada Loredana,

Mama hajambo, nyanya zimeiva. Salamu zinaishia hapo.

Selam alirudi kutoka kwako amevaa kofia ya sufu, na joto lote hili. Nilipoivua nikakuta umemkata nywele zote. Miezi mitatu, Loredana! Kila Jumamosi nilikaa kwa Efua, yule msusi Mghana, anifundishe kuzipaka mafuta, kuzichambua na kuzisuka, na vidole hivi vya fundi wa treni. Nilikupa chupa ya mafuta ya ngozi pia. Imerudi haijafunguliwa, na magoti ya mtoto yamepauka hadi yamepasuka.

Kwenye simu ukanicheka: "We Ottavio, nywele tu hizo, zitaota."

Nilimuuliza Selam kwa nini hakukataa. Akasema, "Niliogopa, Baba. Shangazi akikasirika, si mtanirudisha Ethiopia?"

Ana miaka saba. Ni miwili sasa tangu awe mwanangu, kumbe muda wote huo anaishi na hofu hiyo.

Jumamosi uje umwambie kwa mdomo wako kwamba hapa ni kwao na haendi popote. Zawadi usilete.

Mimi mdogo wako, bado nimekasirika,
Ottavio