Vigae Vyeupe vya Katikati

Kampemba, Lubumbashi
Tarehe 12 Oktoba 2025

Mpendwa Yaya Virginie, dada yangu mkubwa,

Kabla sijakuuliza hali, acha nitoe kwanza sauti iliyobaki masikioni mwangu: kigae kikipasuka juu ya simenti ya salon, pale tunapopokelea wageni. Kimoja tu. Mama ndiye aliyekitupa, yeye ambaye sijawahi kumwona akivunja hata kikombe.

Sasa nakusalimu. U mzima? Shemeji Emery hajambo? Na mtoto, meno yameshatoka? Samaki wakavu mliotutumia kutoka Pweto walifika salama. Baba alikunywa mchuzi, samaki mwenyewe akamwacha.

Hali yake sitakuficha. Kifua kimeshindwa. Daktari alituambia turudi naye nyumbani, na Baba akaelewa bila kuelezwa. Ukuta wa chumba chake, ule wa upande wa kitanda, umelowa tangu mvua za mwaka jana. Rangi inabanduka, vumbi lake linamwingia puani, anakohoa mpaka midomo inageuka ya kijivu. Lakini hilo halimshughulishi. Kinachomshughulisha ni salon.

Aliagiza vigae, vyeupe na vyeusi. Kila asubuhi aliniita nivipange chini, yeye kitini akielekeza kwa fimbo. Tulijaribu mshazari, akasema unamtia kizunguzungu. Tulijaribu kuvipishanisha kama matofali; akasema hiyo ni ya bafuni. Mwishowe akashika mpango mmoja: vyeusi vizunguke kandokando ya kuta, vyeupe vikae katikati, mistari inyooke kutoka mlangoni. Fundi Osée akamtania: « Papa, mu mistari hii hata train inaweza kupita! » Baba, mtu wa reli, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

Mimi niliona urembo tu. Mama ndiye aliyeuliza kwa nini ule weupe wa katikati ni mrefu na mwembamba namna ile.

Baba akamjibu kwa upole: « Pale iko fasi ya sanduku yangu, siku ya kilio. Kandokando batatandika magodoro, mukae wewe na banamuke bengine. Sitaki bandugu yangu baseme nilikuacha mu mavumbi. »

« Baba Virginie, unataka nikupangie kilio yako ungali muzima? Hapana, minakatala! »

Ndipo kigae kikaruka.

Tangu siku ile hawasemezani. Mama anamwosha, anamgeuza, anamlisha, bila neno. Baba anapitishia maneno yake kwangu: « Ambia mama yako, nilitafuta heshima yake. » Nami najua ni kweli. Unakumbuka kilio cha Babu, Mama ameketi kwenye simenti hii hii iliyochimbika, na shangazi zetu wakinong'ona kwamba hata nyumba hakuweza kuitunza? Baba alisikia. Halijamtoka.

Lakini najua pia kwamba hakuna mwanamke anayeweza kupiga deki kila asubuhi mahali pa jeneza la mume aliye hai.

Nimewakasirikia wote wawili kwa zamu. Darasani, mbele ya wanafunzi, najikuta nachora miraba ya vigae ubaoni. Nikisali, sijui niombe nini: apone, au apumzike. Haya siwezi kumwambia mtu mwingine.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako Mama Mbambu, na mtoto wako Abigaëlle umbusu kwa niaba yangu. Mungu awakinge na kila baya, akufungulie njia, kwa maana nakuomba uje. Usingoje kupigiwa simu.

Na hili nililichelewesha hadi mwisho. Nimeshaamua, Yaya, bila kumuuliza mtu. Jumatatu nilihamishia kitanda cha Baba salon, nikamwambia Osée aviweke vigae vyote chumbani kwake: ukutani, upande anaolalia, mpaka juu ya kichwa, na chini kote, vikipishana, vyeusi na vyeupe vimechanganyika, pasipo katikati pa kuweka sanduku. Baba aligeuza uso, akaniita mtoto asiyesikia. Leo nimemrudisha humo. Kumekauka. Kwa salon hakikubaki hata kigae kimoja. Siku itakapofika tutaketi sote juu ya simenti, na shangazi zetu watasema watakachosema.

Wako akupendaye daima,
Syntiche