Varo Hajafa, Mama Mdogo

Segundo Barrio,
El Paso, Texas.
Jumamosi, 9 Novemba 2019

Mpendwa Mama Mdogo Cuca,

Shikamoo, na pole na baridi ya huko Parral. Goti linasemaje? Na yule jogoo wako anayewika kabla hata Mungu hajaamka, bado yupo au umeshamtia chunguni kama ulivyoapa? Sisi huku hatujambo. Presha ya Mama imetulia, mimi nina mafua tu ya msimu, na mwanangu Nayeli anakusalimu sana. Amerefuka huyo, viatu vyote vinamkataa.

Sasa, kabla ya lingine lolote: Varo hajafa. Vaa miwani, Mama Mdogo, usome tena. Mdogo wangu Evaristo ni mzima wa afya, na jana alikula bakuli mbili za supu hapa hapa ninapokuandikia. Nimeambiwa umeshaomba misa ya kumwombea na kwamba akina mama wa rozari wanajaa sebuleni kwako kila jioni. Mungu awalipe. Rozari waambie wapumzike, lakini padre usimwambie kitu kwanza. Hiyo misa nitakueleza mwishoni tuipeleke wapi.

Ningepiga simu, ila wewe na simu tunawajua. Unapiga kelele, "Haloo! Haloo!" kisha unakata. Tena humu ndani Mama akijifanya anachambua maharage anasikia kila neno. Karatasi haina masikio, nitasema yote.

Wala sikulaumu. Jirani yetu Bi Otila, yule mwenye mdomo usiojua likizo, ndiye aliyepiga picha madhabahu yetu ya marehemu, ile tunayowapambia kila Novemba wakija kututembelea, na kumtumia binamu yake huko kwenu. Ukaona babu, ukaona bibi, ukamwona marehemu Baba na sigara zake, na pembeni ukamwona Varo wa miaka minane ndani ya suti nyeupe ya komunyo ya kwanza, mshumaa unawaka mbele yake. Nani asingelia? Kwetu mtu anayepumua hawekwi pale hata kwa mzaha. Hata picha ya harusi yenye watu ishirini, akiwamo mmoja aliye hai, inabaki sandukuni. Ni kumwita kifo kwa jina.

Na usidhani iliwekwa kwa bahati mbaya. Dada yako aliiweka kwa mikono yake mwenyewe, akili zake timamu, na akaifuta vumbi kwanza.

Chanzo ni kazi ya Varo. Unajua anasimama jukwaani peke yake na kuchekesha watu, na siku hizi huwezi kuwasha televisheni bila kumkuta. Sasa huko jukwaani anaye mama wa kubuni. Mama mnene mwenye aproni, hajui kuongea, kila jambo analijibu kwa kurusha ndala. Mtoto amefeli hesabu, ndala. Amekuwa wa kwanza darasani, ndala, asije akavimba kichwa. Ukumbi mzima wanajishika mbavu. Hata mimi mara ya kwanza nilicheka, maana nilimtambua. Mtaani kwetu karibu kila nyumba ilikuwa na mama huyo.

Isipokuwa yetu! Mama alishawahi kuturushia nini? Yeye alikuwa anatukalisha kwenye kiti cha jikoni na kutuhubiria mpaka sisi wenyewe tunaomba kiboko ili yaishe. Varo alikuwa anasema, "Elodia, leo kakosee wewe, mimi masikio yamejaa."

Lakini na Varo usimhukumu haraka. Miaka kumi kule Los Angeles alikuwa anagonga milango ya watu wa sinema. Wakimwita, ni kuwa mtunza bustani. Wakimpandisha cheo, anakuwa mwizi, au ndugu wa mwizi. Usiku kwenye vilabu alijaribu kumsimulia Mama wa kweli, watu wakawa wanakohoa na kuagiza bia. Siku aliyorusha ndala ndiyo siku mlango ulifunguka. Akaingia. Mimi na wewe tungebaki nje?

Basi mwezi uliopita alihojiwa. Si mambo ya kuchekesha, mazungumzo ya heshima ya saa nzima, na nchi nzima inatazama. Mama alinunua mikate mitamu, akavaa ile blauzi yake ya bluu ya Pasaka, akawaita Bi Otila na wenzake wa kanisani. Sebule ikajaa. Mtangazaji, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akamuuliza Varo: wewe ni nani hasa? Nani amekufanya uwe hivi ulivyo?

Mama akaacha kutafuna. Nikamwona mdogo wangu anavyowatazama wale watu waliokaa studioni wakimsubiri, kisha akasema, "Mama yangu hakuwa na maneno. Alikuwa na ndala."

Kicheko kule, kicheko na huku. Kisha wale wanawake wakamkumbuka mwenye nyumba, kicheko kikafia kooni. Mama akainuka, akaanza kukusanya vikombe. Vingine vilikuwa vimejaa, vingine bado mikononi mwa watu.

Hakuwa na maneno! Mama Mdogo, wewe ulikuwapo. Ulitoka Parral kuja kutulea ule mwaka Mama na wanawake wenzake wa kiwanda cha suruali walipogoma. Mimi nilikuwa nimeshika sketi yako. Nakumbuka Mama amesimama getini kwenye baridi ile, kipaza sauti mkono mmoja, Varo kiunoni amefungwa ndani ya koti la Baba. Aliongea mpaka sauti ikakauka. Ukampa maji ya chumvi asukutue, akaendelea. Ulimi huu Varo anaopatia mkate aliuokota pale kiunoni. Ndiyo maana nilikasirika mimi, na ndiyo maana Mama hakukasirika hata kidogo. Aliumia. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Tangu siku hiyo Varo akipiga simu Mama anasema, "Mwambie niko kazini." Mwanamke wa miaka sabini na minane! Kazi gani? Kuwalisha njiwa?

Ilipofika siku ya kupamba madhabahu nikamkuta jikoni anaiegesha picha ile pembeni ya picha ya Baba. Nikapiga yowe.

"Mama! Huyo si yuko hai?"

"Wa ndala yuko hai," akasema. "Nimemwona kwenye televisheni, kanenepa. Huyu wangu aliyekuwa ananisikiliza sijui kafia wapi. Niache nimwashie mshumaa."

Na akampikia, tena! Enchilada, zile chapati za mahindi zilizolowa mchuzi wa pilipili nyekundu, na yai la kukaanga juu, kama alivyokuwa anapenda Varo utotoni. Akaweka sahani mbele ya picha, kati ya maua na glasi ya maji. Hapo nililia, sikufichi. Mtu anamzika mwanawe na bado anakumbuka yai liive kiasi gani.

Nikaipiga picha madhabahu nikamtumia Varo. Akapiga simu papo hapo.

"Elodia, mimi nimekufa lini, na mbona sina habari?"

"Kamuulize mama yako."

Kisha akaniuliza, "Kapika nini?"

"Enchilada. Na yai."

Nikamsikia anavuta kamasi. Akakata bila kuaga.

Akafika Ijumaa ile ya tarehe mosi, mchana, kofia imefunika uso ili watu wa uwanja wa ndege wasimtambue. Bi Otila alikuwa hapa, amekuja kukagua madhabahu kama kawaida yake. Alipomwona mlangoni akapiga ishara ya msalaba mara mbili. Anajua fika kuwa mtu ni mzima, lakini anasema mkono ulikwenda wenyewe.

Mama alikuwa ameketi anapanga maua. Hakugeuka.

"Jamani," Varo akaanza kwa ile sauti yake ya jukwaani, "marehemu nimefika. Mbona sioni bendi?"

Hakuna aliyecheka, hata Bi Otila, ambaye hucheka hata matangazo ya sabuni. Varo akavua kofia. Kichwani amebaki na nywele chache, Mama Mdogo, kama Baba alivyokuwa. Nilimhurumia. Akasema, safari hii kwa sauti ya nyumbani, "Mama, nikiwaeleza ukweli wako hawacheki. Nimejaribu, haki ya Mungu."

Mama akaitazama ile picha ya komunyo. "Mwanangu," akaiambia, "huyu bwana anasema nini?"

"Nasema wananilipa kwa ajili ya yule mwingine. Sasa wanataka kumtengenezea tamthilia nzima, yule mama na ndala yake. Nikikataa, narudi kuwa ndugu wa mwizi. Nina miaka arobaini na saba, Mama. Naogopa."

"Mwambie," Mama akaiambia picha, "nilisimama getini na yeye kiunoni, nikasema kutwa nzima. Hakuna aliyecheka. Na hakuna aliyeondoka."

Varo akabaki anageuzageuza kofia mikononi, halafu ghafla akanyoosha mkono akachukua ile sahani ya madhabahuni.

"Wee Varo! Cha wafu hicho!" nikapiga kelele. Maana unajua mwenyewe, hakuna anayegusa mpaka marehemu waje usiku wakashibe harufu. Wakishakula wao, sisi hula kilichobaki, na kila mwaka tunaapa kuwa hakina ladha kabisa. Nao walikuwa bado hawajafika.

"Ni changu," akasema. "Picha si hiyo hapo? Mwenye sahani kaja."

Akakaa chini sakafuni na suruali yake ya bei mbaya, akala kwa mkono. Alikula kama alivyokuwa anakula akitoka shule, bila kupumua, machozi yanateremka mpaka mdomoni yanachanganyika na pilipili. Bi Otila akashika rozari. Mimi nikashika kiti.

Ndipo Mama akageuka. Akamtazama tangu kile kipara mpaka soksi, akamtazama sana. Kisha akamuuliza yeye mwenyewe, si picha:

"Kina ladha?"

Varo akameza. "Kina ladha, Mama. Ila pilipili imezidi."

"Haijazidi. Ulimi wako ndio umezoea vya huko." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Basi hujafa. Inuka utoe picha yako hapo kabla baba yako hajafika akaiona."

Mama Mdogo, nimeandika hapo nikapumzika kidogo, kwa hiyo ukiona wino umebadilika usishangae.

Tangu siku hiyo yuko hapa. Asubuhi Mama anamkalisha kwenye kile kiti cha jikoni na kumhubiria, naye anasikiliza, kichwa chini kama zamani. Jumatatu anarudi Los Angeles kuwaambia wale mabwana kwamba kama wanataka mama kwenye tamthilia yao, anaye mmoja, hana ndala, ana kipaza sauti. Huenda wakamfukuza. Sitakudanganya kuwa wamekubali, na yeye usiku hapati usingizi, namsikia anavyotembea. Mama amemwambia wakimkataa arudi, sufuria ipo. Mwombee tu, maana safari hii kweli anahitaji.

Nisalimie Mjomba Chema, mwambie zile mbegu za pilipili alizotuma zimeota. Msalimie Bi Delfina wa dukani, na binamu yake Bi Otila vilevile, ila mweleze kwamba safari ijayo asubiri kwanza jeneza ndipo atangaze. Nayeli anaomba picha yako ya ujana, ile ya farasi. Usiogope, ataiweka kabatini, si kule kwingine.

Sasa kuhusu misa. Mama amesema usiifute, padre asije akaona familia yetu haina msimamo. Mwombe abadilishe jina tu. Iwe ya kumwombea yule mwanamke wa ndala, maana amefariki hapa jikoni kwetu tarehe mosi Novemba. Mimi nilicheka. Varo hakucheka. Alisema ni sawa, tena akaomba padre amsomee vizuri, kwa sababu yule mama hakuwa wa kweli lakini alimlisha miaka yote ile ambayo hakuna mwingine aliyemfungulia mlango.

Mungu akutunze, na Bikira akufunike kwa vazi lake wewe na nyumba yako yote.

Ni mimi mwanao nikupendaye hata ukinuna,

Elodia