Mwanamke wa Kushoto Kwenye Postikadi ya Soko

Baba yangu,

Arobaini yako ilisomwa juzi. Sufuria za kuazima zimerudi kwa wenyewe, mikeka imekunjwa, na mimi nimebaki peke yangu katika nyumba yetu ya Kariakoo. Sikujua kama ina vyumba vingi hivi. Tangu nipewe talaka nikarudi kwako, ulikuwa ndiye mtu wangu wa kuzungumza naye. Sasa napika kikombe kimoja cha mchele na bado kinabaki.

Basi nikatoa postikadi zako. Nyingine uliziokota kwenye makapu ya taka kule Posta ulikokuwa tarishi, nyingine ulimbembeleza Mwarabu wa dukani mpaka akachoka nawe akakupa. Watu walikucheka: mzee mzima na picha za enzi ya Mjerumani! Wewe hukujali. Nilipokuwa mtoto, kila Jumapili ulinishika mkono tukaenda mpaka pale aliposimama mpiga picha, ukainua kadi mbele ya macho yangu.

"Haya, Zuhura. Kimepungua nini?"

"Mnazi, baba."

"Na kimezidi nini?"

"Benki."

"Ndiyo habari yote ya mji wetu hiyo, mwanangu," ukasema, ukacheka mpaka ukakohoa.

Nyuma ya kila kadi uliandika kwa herufi za Kiarabu yale uliyoyajua: nyumba hii ya nani, huyu aliyesimama ni nani, nani keshakufa. Ulikuwa mkali kwa hilo. Usilolijua hukuliandika.

Kadi moja hatukuhitaji kuipeleka popote, maana mahali pake tulipaona kila siku. Ni soko letu, kadi ya baadaye, ya enzi ya Mwingereza, wanawake wamekaa chini na nyungo zao. Mama alikuwa akiuza vitumbua pale. Alifariki sijaanza hata kutembea vizuri, na hakuacha picha. Nikakuuliza, yuko wapi humu? Ukasema, "Mtafute mwenyewe." Nikamchagua yule wa kushoto, aliyejitanda kanga mpaka kwenye paji la uso, anayecheka na mtu asiyeonekana pichani. Kila nilipouliza kama ndiye, ulinijibu, "Wewe unaonaje?" Mimi niliona ndiye. Nilimwamkia kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Nilipokuwa na miaka kumi hivi nikafanya upuuzi wangu. Shuleni tulifundishwa kwamba picha nzuri hubandikwa daftarini. Nikakoroga uji mzito wa unga wa ngano, nikazibandika zote, maandishi yako yakaenda chini. Majirani walingoja kusikia kilio changu. Wewe ulifunua daftari polepole, ukafika kwenye kadi ya soko, ukaijaribu pembeni kwa ukucha. Ilikuwa imeshika. "Afadhali," ukasema, ukachukua kofia yako ukaenda msikitini. Nilidhani ni upole wako tu.

Wiki hii nilitaka uhakika kama yule wa kushoto ndiye. Nje mji mzima unazungumza uhuru, vijana wanapita makundi makundi kwenda mikutanoni Mnazi Mmoja, na mimi nimeinamia mvuke wa birika nabandua kadi ya soko. Ikatoka. Msahafu nausoma, una irabu zake juu na chini. Mwandiko wako wa haraka, usio na irabu hata moja, ulinishinda. Nikampelekea maalim aliyenifundisha Kurani chuoni.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba. Ah, mkono wa baba yako huu." Akasoma kimya. Akarudia tena. "Umekula leo, mwanangu?"

"Nisomee tu, maalim."

Akasoma: "Mke wangu hayumo. Siku aliyokuja mpiga picha alikuwa kalala na homa. Mtoto anamtafuta humu, nami namwacha atafute."

Baba, nimekukasirikia. Nimekukasirikia kwa sauti humu ndani, mpaka jirani akagonga ukuta. Ungeniambia nilipokuwa mtu mzima, nilipokuwa nalia jikoni na talaka yangu. Kisha najiuliza ungeanzia wapi, na hasira inaniisha.

Huyo wa kushoto ni mama wa mtu mwingine. Huenda yu hai. Huenda amepita leo mlangoni na ungo wake tukasalimiana. Wa kwangu, aliyebaki akiujua uso wake ni wewe peke yako, na wewe tumekuzika.

Ulikuwa hapa miaka yote, baba. Tulikula sinia moja. Sikukuuliza hata siku moja mama alikuwa na macho gani, alicheka vipi, alikuwa mrefu au mfupi. Nilidhani namwona.

Mungu akulaze pema.

Mwanao uliyemwacha,
Zuhura